Kama graviti ni dhaifu, mbona lori linapanda Kitonga kwa gia ya kwanza?

Swali nimelifupisha kidogo: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni utingo wa lori, nakaa Uyole, nilimaliza form six PCM (fizikia, kemia, hesabu) ila chuo sikwenda. Juzi tumetoka Dar na mbolea tani 30, mlima Kitonga tumepanda na gia ya kwanza mpaka juu. Nikamwambia dereva kwamba kwenye fizikia graviti ndo nguvu dhaifu kuliko zote nne, akacheka mpaka akakohoa. Hebu nisaidie, hizo nguvu nne mnazilinganishaje mpaka graviti inakuwa ya mwisho? Zile mbili za ndani ya kiini cha atomu zinatuhusu nini sisi huku? Na msuguano, injini, misuli mmeviweka wapi?"

Marahaba mdogo wangu, na poleni na safari. Dereva wako ana haki ya kucheka na wewe uko sahihi, shida ni kwamba mmebishana bila kukubaliana kwanza mnalinganisha nini na nini na kwa umbali gani, na kwenye hizi nguvu bila kusema hivyo vitu viwili hakuna mshindi. Mwalimu akikupa orodha ya nani wa kwanza nani wa mwisho halafu asikwambie umbali, ujue kakupa nusu ya somo.

Hizo nne ni graviti (mvuto wa kila kitu chenye uzani), umeme na sumaku, nguvu kubwa ya kiini na nguvu hafifu ya kiini. Tuanzie mwisho wa swali maana huko ndo kwepesi. Msuguano, injini, misuli, tairi kung'ang'ania lami, kamba ya turubai ukiikaza, hata mjusi anayetembea darini miguu juu, zote hizo ni nguvu moja tu, ya umeme na sumaku. Dizeli ikiungua kinachofanyika ni elektroni, zile chembe ndogo zenye chaji hasi nje ya kiini cha atomu, kujipanga upya, zinatoka kwenye mpangilio wenye nishati nyingi zinaenda kwenye wenye nishati kidogo, ile tofauti ndo joto linalosukuma pistoni. Ukikaa kwenye kiti hudidimii kwa sababu elektroni za suruali na za kiti hazikubali kukaa sehemu moja (kuna sheria ya kwanta, yaani fizikia ya vitu vidogo sana, ya bwana Pauli inafanya kazi kubwa hapo, ila hiyo sheria siyo nguvu ya tano, tuiache). Kemia yote ni hiyo, na biolojia nayo ukichimba sana unaikuta hiyohiyo, watu wa biolojia watanisamehe. Zamani umeme na sumaku vilihesabiwa kama vitu viwili, mpaka 1820 Ørsted wa Denmark alipoona waya wenye umeme unageuza sindano ya dira, Faraday akaja 1831 akaonyesha sumaku ikitembea inazalisha umeme, kisha Maxwell kwenye miaka ya 1860 akaviandikia milinganyo ya pamoja na ikatoka kwamba hata mwanga ni mawimbi ya hichohicho kitu. Kwahiyo ukitoa graviti, karibu kila nguvu unayoigusa kwa mkono kuanzia asubuhi mpaka usiku ni huyu mmoja.

Sasa Kitonga. Tuseme lori na tela na mzigo ni tani 56, ule mwisho wanaoukubali mizani. Kuinua tani 56 kwenda juu mita 100 wima unahitaji nishati ya megajuli 55 hivi. Lita moja ya dizeli ina kama megajuli 36, yaani lita moja na nusu inatosha, na kwa kuwa injini inatupa zaidi ya nusu kwenye joto na moshi basi weka lita nne. Ebu angalia hapo nani anapambana na nani. Upande mmoja kuna dunia nzima, kilo 6 ikifuatiwa na sifuri 24, milima na bahari na chuma chote cha katikati, vyote vinalivuta lori chini. Upande wa pili kuna kidumu cha dizeli, tena siyo chaji zote za ile dizeli zimetumika, ni ule mpangilio wa elektroni za nje tu umebadilika kidogo. Na kidumu kinashinda, polepole kwa gia ya kwanza na moshi mweusi lakini kinashinda, mnafika juu mnakunywa chai.

Ukitaka kuona zaidi, chukua malori mawili ya tani 56 uyapaki sambamba, katikati ya moja mpaka katikati ya lingine mita 5. Kila kitu chenye uzani kinavuta kingine, na hayo malori yanavutana kweli. Kwa kiasi gani? Piga hesabu kwa fomula ya Newton, unapata nguvu sawa na uzito wa kitu ambacho hakifiki hata gramu moja. Ndo maana Cavendish wa Uingereza mwaka 1798 alikuwa mtu wa ajabu, alipima mvuto wa mipira ya madini ya risasi ndani ya chumba kilichofungwa, yeye akiwa nje anachungulia kwa darubini ili hewa ya mwili wake isiharibu vipimo. Na mpaka leo ile G ya Newton (namba ya ukubwa wa graviti kwenye fomula yake) tunaijua kwa tarakimu chache sana ukilinganisha na namba nyingine za fizikia, kwa sababu tu kitu chenyewe ni kidogo mno kukipima maabara.

Haya, malori yaleyale. Tuseme kuna namna unaweza kuondoa elektroni moja tu kwenye kila elektroni bilioni za lori la kwanza, na lori la pili hivyohivyo, yote mawili yabaki na chaji chanya. Yangesukumana kwa nguvu ya zaidi ya tani bilioni 200. Moja kwa bilioni tu hiyo! Ukichukua protoni mbili, zile chembe zenye chaji chanya za kwenye kiini, ukalinganisha zinavyosukumana kwa umeme na zinavyovutana kwa graviti, umeme unazidi kwa 1 yenye sifuri 36 nyuma yake, na hiyo namba haibadiliki uziweke karibu au mbali kwa sababu zote mbili zinapungua kwa mtindo mmoja, umbali ukizidi mara mbili nguvu inabaki robo. Kwa elektroni mbili pengo ni kubwa zaidi, linafika sifuri 42. Hapo ndipo usemi wa "graviti dhaifu" unapotoka, na ni usemi wa kweli kabisa.

Ila dereva naye tumtendee haki. Umeme una chaji za aina mbili, na vitu vya kawaida vimebeba chanya na hasi sawasawa kabisa, kwahiyo ukikaa mbali na lori unaona sifuri, zimefutana. Graviti haina kitu cha kuifuta, hakuna uzani hasi, kila punje ya mbolea inaongeza kidogo na kila jiwe la Mlima Rungwe linaongeza kidogo, na hakuna hata moja linalopunguza. Ukikusanya vya kutosha yule mnyonge anakuwa mfalme.

Na kuna ukubwa maalum ambapo ufalme unabadilika mkono, mimi hii ndo sehemu naipenda kuliko zote. Mkipita Mbozi si mnajua pale kuna kimondo, lile pande la chuma la urefu wa mita 3 hivi linalokadiriwa tani 16. Umewahi kujiuliza kwa nini kile kimondo siyo mviringo wakati mwezi na jua ni mviringo? Kwa kitu cha tani 16 graviti yake yenyewe haina ubavu wowote juu ya chuma, vifungo vya atomu ambavyo ni umeme ndo vinaamua sura, kwahiyo kinabaki na umbo lolote lililotokea. Ongeza ukubwa ufike kilomita mia kadhaa kwa upana, hapo graviti inaanza kuvishinda vifungo vya mwamba, inabonyeza kila kilichochomoza mpaka gimba linakuwa duara. Ceres, ile kubwa kati ya vile vimwamba vinavyozunguka katikati ya Mars na Jupiter, ina kilomita 940 hivi na ni duara. Na sababu hiyohiyo ndo inafanya milima ya dunia isirefuke inavyotaka, Everest ina mita 8,849 na Rungwe yetu ni kama 3,000, huwezi kupata mlima wa kilomita 50 hapa kwetu, mwamba wa chini utaachia. Kwahiyo kati ya kimondo na mwezi kuna mahali graviti na umeme wanatoka sare.

Twende ndani ya kiini. Rutherford mwaka 1911 alionyesha kwamba chaji zote chanya za atomu zimebanwa kwenye kiini kidogo sana, na hapohapo likazuka swali, zinakaaje pamoja? Protoni mbili zikiwa umbali wa milimita moja uliyoigawa vipande trilioni, ambao ndo umbali wa humo ndani, zinasukumana kwa umeme kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 23, karibu nusu mfuko wa saruji, umembebesha kitu ambacho uzani wake ni sifuri nukta halafu sifuri ishirini na sita za kilo ndo namba inaanza. Lazima kuwe na mtu anayeshika kwa nguvu zaidi, na ndiye huyo tunamwita nguvu kubwa ya kiini. Kwa umbali huo anazidi umeme kama mara mia. Lakini hafiki mbali, ukivuka vipande viwili vitatu vya ule umbali kaisha kabisa, ndo maana hujawahi kumsikia akifanya chochote barabarani.

Kitabia huyu hafanani na wenzake. Protoni ndani yake ina chembe tatu ndogo zaidi ziitwazo kwaki (wazo lilitoka 1964, Gell-Mann na Zweig kila mtu kivyake) zinazoshikana kwa kurushiana chembe nyingine ziitwazo gluoni, na ukijaribu kuzitenganisha nguvu haipungui, ni kama mpira wa manati, kadiri unavyovuta ndo nishati inavyojaa humo. Mvuto kati ya kwaki mbili unakaa kwenye tani 15 hivi, yaani karibu uzito wa kimondo chote, na haulegei hata ukivuta. Mwisho nishati inajaa mpaka zinazaliwa kwaki mpya pale ulipokatia, kwahiyo kwaki ya peke yake hujawahi kuipata wala hutaipata. Kinachoshika protoni na nyutroni (wenzao wasio na chaji) pamoja kwenye kiini ni mabaki tu ya hiyo nguvu.

Sasa kuwa na nguvu kubwa ya masafa mafupi na umeme dhaifu kidogo wa masafa marefu kunaleta vita ya kudumu. Kiini kikiwa kidogo, nguvu kubwa inashinda vizuri. Kikiwa kikubwa, kila protoni inasukumwa na zote zilizomo ila inashikwa na majirani tu, kwahiyo ukipita risasi na bismuthi hakuna kiini kinachodumu milele. Urani yenye protoni 92 iko kwenye ukingo huo, na urani ya Mkuju kule Namtumbo ndo hiyohiyo. Kilo moja ya urani-235 ikipasuliwa yote inatoa nishati kama mara milioni mbili ya kilo moja ya dizeli, na hapa watu wengi wanasema ni nishati ya nguvu kubwa, mi nasema hapana, angalia vizuri: kinachorusha vile vipande viwili ni ule msukumano wa umeme wa protoni ambao nguvu kubwa ilikuwa imeufungia. Komeo limefunguka tu. Hata ile gesi ya heli waliyotangaza mwaka 2016 kwenye bonde la Rukwa imetoka kwenye vita hiyo, urani na thori kwenye miamba ya zamani zinatema vipande vya protoni mbili na nyutroni mbili, kila kipande kikipata elektroni mbili kinakuwa heli, imejikusanya humo kwa mamilioni ya miaka. Katikati ya jedwali la elementi ndo kuna utulivu, kwenye chuma na nikeli, huko viini vimeshikana kuliko popote, na nyota kubwa ikifika kwenye chuma haipati tena faida ya kuendelea kuunganisha, inaishiwa. Kimondo cha Mbozi ni chuma asilimia 90 hivi, chuma kilichopikwa kwenye nyota kabla jua letu halijazaliwa.

Imebaki ile nguvu hafifu ya kiini. Hii haivuti wala kusukuma kwa namna unayoweza kuiona, kazi yake ni kubadilisha: inageuza nyutroni kuwa protoni au kinyume chake, na kila inapofanya hivyo inatoka au kuingia nyutrino, chembe nyepesi mno isiyo na chaji. Umeuliza inatuhusu nini. Ukila ndizi mbivu moja ya Tukuyu, ndani yake kuna potasiamu, na sehemu ndogo sana ya potasiamu yote duniani ni potasiamu-40 ambayo inavunjika kwa nguvu hii, kwenye ndizi moja vinavunjika viini kumi na kitu kila sekunde. Mwilini mwako wewe mwenyewe ni zaidi ya 4,000 kila sekunde, sasa hivi unavyosoma. Usiogope na usiache ndizi, mwili unatunza kiasi kilekile cha potasiamu, ya ziada unaitoa kwa mkojo. Hiyo potasiamu, pamoja na urani na thori, ndo zinachangia karibu nusu ya joto linalotoka chini ya dunia.

Na jua. Jua linaungua kwa protoni mbili kuungana, lakini zikikutana mbili haziwezi kukaa pamoja mpaka mmoja ageuke nyutroni palepale, na anayeruhusu hilo ni nguvu hafifu peke yake, ambaye hana haraka: protoni ya kawaida katikati ya jua inasubiri mabilioni ya miaka kupata bahati hiyo. Ndo maana jua limedumu miaka bilioni 4.6 na lina mafuta ya kuendelea, huo uzembe wake ndo umetupa muda wa kuwepo. Nyutrino zinazotoka huko zinapita kwenye kila sentimita mraba ya mwili wako kama bilioni 65 kila sekunde, usiku zinakuja kutokea chini ya kitanda baada ya kuvuka dunia nzima, kwa sababu hazina chaji na nguvu kubwa haiwahusu, zimebaki na huyu hafifu na graviti tu.

Kwenye umbali wa kiini nguvu hafifu inaandikwa kuwa ndogo kuliko nguvu kubwa mara milioni hivi, namba inabadilika kidogo kutegemea nani kapima nini. Lakini siri ni kwamba yenyewe kwa asili siyo ndogo! Fotoni inayobeba umeme haina uzani, inafika popote. Vinavyobeba nguvu hafifu vinaitwa W na Z, W ina uzani wa protoni kama 86 na Z kama 97, mzigo mzito hivyo hauendi mbali, unaishia kwenye sehemu moja ya elfu ya upana wa protoni. Ukisogea mpaka umbali huo mdogo unakuta nguvu hafifu na umeme vinakaribiana, kwa sababu asili yao ni moja. Glashow, Weinberg na Abdus Salam wa Pakistani walipewa Nobel ya 1979 kwa kuonyesha hivyo, W na Z zenyewe zikaonekana CERN, maabara ya chembe ya Ulaya, mwaka 1983, na chembe ya Higgs inayozipa huo uzani ikapatikana 2012. Huyu Salam ndiye pia alianzisha kile kituo cha fizikia cha Trieste, Italia, mwaka 1964 kwa ajili ya watu wa nchi kama zetu.

Umeona sasa kwa nini orodha bila umbali hainipendezi? Kwenye kiini mpangilio ni nguvu kubwa, umeme, hafifu, graviti ikiwa mkiani kabisa kwa sifuri 38 hivi. Sogea kwenye ukubwa wa atomu mpaka lori, nguvu kubwa haipo tena nje ya kiini, hafifu haipo, umeme unatawala. Nenda kwenye sayari na nyota, umeme umejifuta, graviti haina mpinzani.

Kuna jambo moja zaidi umwambie dereva mkiwa njiani. Ile mbolea tani 30, uzani wake unatoka wapi? Karibu wote uko kwenye protoni na nyutroni, na ukijumlisha uzani wa kwaki zilizo ndani yake unapata kama asilimia moja tu ya uzani wa protoni. Iliyobaki, karibu 99, ni nishati ya kwaki kukimbizana na gluoni kuzibana, kwa ile hesabu ya Einstein kwamba nishati ni uzani. Kwahiyo mkipanda Kitonga, kile graviti inachokivuta chini ni nishati ya nguvu kubwa iliyofungiwa ndani ya kiini, na anayekipandisha juu ni umeme wa kwenye dizeli.

Kuhusu nguvu ya tano, najua utaniuliza baadaye: watu wameitafuta sana na kila baada ya muda kunatokea kipimo kinachotikisa kidogo, ila mpaka leo hakuna iliyothibitishwa. Kazi ngumu iliyobaki ni graviti hiyohiyo. Hizo tatu tunazielewa kwa kwanta, graviti bado tunatumia nadharia ya Einstein ya 1915, na ingawa mawimbi yake yalinaswa Septemba 2015, ile chembe inayodhaniwa kuibeba, gravitoni, hakuna aliyeiona, na kwa udhaifu huu wa sifuri 38 sijui kifaa cha kuinasa kitatengenezwa na nani.